L Iliyofungwa Mshipi

Nilipolifungua robota, lilitoka vumbi la nchi nyingine
na harufu ya dawa ya nondo.
Jezi kumi na mbili nyekundu. Kumi nyeupe,
na kifuani mwa nyeupe herufi L
iliyofungwa mshipi tumboni.
Nikadhani ni kosa la mashine.
Nyeupe iliyopungua niliikata kwenye shuka.

Mimi Mbodze wa Thoya. Cherehani yangu iko Maweni,
kwenye baraza ya duka la unga;
kitanda changu kiko Muyeye.
Kwa hiyo Malindi nzima inanidai uaminifu
na hakuna anayenidai kwa upole.
Nyekundu walichukua Misumari ya Maweni.
Nyeupe walichukua Upupu wa Muyeye,
ambao huwashwa hata wakishinda.

Namba nilizishona kwa kitambaa cha mwavuli.
Jefwa alilalamika: Mama, hii saba yangu inachechemea.
Nikamwambia: nawe je?

Uwanja ni ule wa nyuma ya shule,
goli moja la chuma, jingine la magogo ya mvinje.
Jukwaa ni ukuta:
anayewahi hukaa, anayechelewa huegemea,
anayechelewa zaidi huhadithiwa.
Shemeji yangu Mwambire hajala kwetu
tangu penalti ile ya mwaka wa mafuriko.
Mpira uligonga mvinje ukalala mstarini.
Maweni waliuona umeingia,
Muyeye waliuona umelala,
refa aliiona njia ya kwao.

Alhamisi akaja Halina, mgeni wa nyumba za kupanga,
rinda mkononi, apunguziwe upindo.
Kiswahili chake cha miezi saba kina mashimo, lakini hufika.
Akainua macho, akaona msumari mmoja ukutani
na jezi mbili, nyeupe juu ya nyekundu.
Alicheka mpaka akashika meza.
Kisha hakucheka.

"Hizi," akasema, "hazikai msumari mmoja."
Mji wao, Łódź, maana yake ni mashua,
na bahari hawana, hata ya kuazima.
Walikuwa na viwanda vya nguo. Mamake alisimama
miaka thelathini mbele ya mashine za nyuzi
mpaka masikio yakafa, moja baada ya jingine.
Na timu mbili: ŁKS, hiyo ya mshipi; Widzew, hiyo nyekundu.
Kuta zimejaa matusi;
bibi akienda kununua mkate, husoma nani ni mwana wa nani.
Kakake alikuwa wa hii. Mumewe wa ile.
Sikukuu walikula meza moja, viti wamevigeuza.
Kaka alipokufa, mume alifika mazikoni,
akavua kofia langoni.
Hakuingia.

Nilitaka kusema pole. Nikamkumbuka Mwambire.
Nikaendelea kukanyaga cherehani.

Jumamosi alikuja uwanjani. Watoto wakamzonga: wewe wa wapi?
Kipindi cha kwanza alisimama nyuma ya goli la chuma,
cha pili nyuma ya mvinje,
mkoba kifuani kama aliyebeba mtoto wa mtu.
Matokeo siyakumbuki.
Naongopa. Misumari tatu, Upupu moja,
na sitaki kulizungumza.
Mwambire, kocha wao, alipita mbele yangu
na ile jezi ya kumi na mbili, jasho hadi kiunoni.
Akagusa namba.
"Uzi mzuri," akasema.
Maneno mawili. Miaka sita.

Halina alipokuja kuchukua rinda
aliomba kitu kimoja: ile herufi,
kwenye jezi ya Jefwa iliyochanika kwapa.
Nikaifumua taratibu, kwa wembe.
Mshipi ulitoka kwanza.
Nilimfungia L kwenye kipande cha gazeti, akaondoka nayo,
L tupu, kama hizi zetu.
Mshipi ninao mimi, mwekundu, urefu wa kidole,
ndani ya kopo la vifungo.
Nikitafuta kifungo cheupe, huunasa kwanza huo.